Hela ya rimu ipo, hela ya breki haipo: kwa nini? (Mbeya, Iringa, Njombe tujadili)

#1 | Mtoto wa Nzovwe
Wakuu, habari za jioni.

Wiki mbili zilizopita nilinunua Toyota IST yenye usajili wa namba C kwa kijana mmoja wa hapa hapa Mbeya mjini. Gari linavutia: limelala chini, rimu nyeusi za 17, taa nyeupe kali, ekzosti yenye mdomo mpana, kioo cha nyuma kina maandishi ya Kijapani. Nililipenda nilipoliona na hata leo nalipenda.

Nikalipeleka sevisi. Fundi alipofungua matairi ya mbele akaniita nije nione mwenyewe. Pedi za breki zimeisha, chuma kinasaga diski. Mafuta ya breki meusi. Shokapu za mbele zimevuja mpaka zimekauka. Springi zimekatwa kwa gesi, mzunguko mmoja na nusu, na alama ya moto bado ipo.

Siku ile ile niliyolinunua nilishuka nalo mteremko wa Iwambi nikiwa na mke na mtoto. Ndiyo maana nauliza kwa uchungu: kwa nini hela ya rimu inapatikana na hela ya pedi haipatikani? Seti moja ya pedi haifiki bei ya tairi moja kati ya yale manne. Na mji wetu wote ni kupanda na kushuka. Naomba majibu ya kweli, sio matusi kwa vijana.

#2 | Kabwe Stendi
Jibu fupi: pedi hazionekani. Hakuna aliyewahi kupita Mafiat akapigiwa mluzi kwa sababu ya pedi.

#3 | Fundi Grenda
Mimi nafanya kazi za chini ya gari, na springi za watu nakata. Mteja akija nampa njia mbili: springi zilizotengenezwa fupi tangu kiwandani, au tukate zake. Ya kwanza akisikia bei anaondoka. Ya pili tunamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Ila mimi nakata kwa grenda huku namwagia maji. Gesi situmii. Springi ilipikwa kiwandani ndipo ikapata ugumu wake, ukiipiga moto pale kwenye chuma inalegea, miezi michache tu gari linainama upande mmoja. Aliyekata za ndugu yetu wa #1 hakumtendea haki mtu.

Na swali lako nakujibu kwa ninavyoona gereji: vijana wengi hawajui pedi zao zimefikia wapi, kwa sababu hawafungui tairi mpaka lipasuke.

#4 | Nyalukolo wa Kihesa
Kamwene wote. Fundi Grenda umesema kweli, na niongeze kwamba springi ikikatwa inakuwa laini, ndiyo maana hizi gari zinarukaruka kama mbuzi. Hapa Iringa ukiwa unapanda kutoka Ipogolo, ukifuatana na Toyota Mark II iliyokatwa springi unaona kabisa mkia wake unacheza kwenye kila kona.

#5 | Mwalimu wa Fizikia
#4 hapo naomba nirekebishe. Springi ikikatwa inakuwa NGUMU zaidi, haiwi laini. Ugumu wa springi unategemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi: mizunguko ikipungua, ugumu unaongezeka. Yenye mizunguko 6 ukiondoa 1 zinabaki 5, ugumu umepanda kwa sehemu moja ya tano, yaani asilimia 20.

Kinachorusha gari ni mambo mawili mengine. Kwanza, shokapu ilipimwa kwa springi ya zamani, sasa haiwezi kuituliza hii ngumu. Pili, gari limeshuka lakini mwili wa shokapu haukufupishwa, kwa hiyo nafasi ya kwenda chini imebaki kidogo. Likipiga tuta linafika mwisho, raba ya kuzuia inagongwa, na wakati huo gari halina springi tena, ni chuma kwa chuma. Likiwa kwenye kona tairi linaachia barabara.

#6 | Nyalukolo wa Kihesa
Asante mwalimu, nimeelewa. Ila kurukaruka kupo, hapo sikukosea.

#7 | Mtu wa Rungwe
Ndaga wakuu. Mimi nashangaa mnaongelea kushusha tu. Huku Tukuyu hakuna anayeshusha, sisi tunainua. Noah yangu nimeweka raba za springi mbele na nyuma, kwa sababu barabara ya kwetu ikinyesha, na Rungwe mnajua mvua yake, gari la kawaida linabaki kwenye matope. Probox za ndizi zimeongezwa springi za bapa nyuma. Akina mama wanashusha mikungu pale Kiwira kwa sababu kuna fundi alichomelea kitu.

Hizo nazo ni gari zilizochezewa kwa bei ndogo. Mbona hakuna anayesema ni ushamba? Tofauti ni kwamba yetu inabeba mzigo?

#8 | Fundi Grenda
Mtu wa Rungwe, ukiinua sana kwa raba shafti za mbele zinakaa kwa pembe kali. Utanunua sivijointi, yaani viungo vya hizo shafti, kila baada ya muda. Ukisikia "ta-ta-ta-ta" ukikata kona, ndiyo hiyo. Raba za sentimita mbili hivi hazina neno. Wapo wanaozipanga mbili mbili, hapo nakataa.

#9 | Mzee wa Tanzam
Wanangu, nimeendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka mingi, sasa nimepumzika. Nimesoma yote. Naomba niseme juu ya taa, maana breki mmeshaanza kuzielewa.

Kuna ukungu mnaoujua nyote, ule wa kuanzia Uyole ukipanda kuelekea Isongole, na ule wa Makambako asubuhi ya Juni na Julai. Katika ukungu ule dereva anahitaji taa iliyo chini, inayomwaga mwanga kwa upana karibu na tairi. Hizi taa nyeupe za kuchomeka zinamwaga mwanga juu. Mwanga unapiga ukungu unarudi machoni mwako mwenyewe, na unapiga macho ya anayekuja. Nilishawahi kusimamisha lori lenye tela kabisa, katikati ya mteremko, kwa sababu kigari kimoja kidogo kilinipofusha na sikujua ukingo wa barabara uko wapi. Nilikaa pale nikiomba wa nyuma yangu anione. Dakika ile siisahau.

Yule kijana hakuwa na ubaya. Hakujua tu anachokifanya kwa wengine, kwa sababu yeye mwenyewe haoni taa zake zinavyoonekana kwa mbele.

#10 | Mtoto wa Nzovwe
Shikamoo mzee. Hili la taa sikulifikiria kabisa, na mimi ninazo hizo hizo.

#11 | Mzee wa Tanzam
Marahaba mwanangu. Zitoe.

#12 | Waya Mwekundu
Nisaidie kueleza alichosema mzee, mimi ni fundi umeme wa magari. Kibakuli cha taa ya IST kimechorwa kwa balbu ya halojeni, na waya unaowaka ndani yake unakaa mahali pamoja palipopimwa. Ukichomeka balbu ya zenon au LED ya bei rahisi, kitu kinachowaka kina umbo tofauti na hakikai pale pale, kibakuli kinatawanya mwanga hovyo. Na zenon ya wati 35 inatoa mwanga mara mbili mpaka tatu ya halojeni ya wati 55. Kwa hiyo mwanga ni mwingi na hauna mpaka. Gari zilizotoka kiwandani na zenon zina lenzi ya kukata mwanga kwa juu.

Anayetaka kuona vizuri kwa hela kidogo: ng'arisha plastiki ya taa iliyopauka, badilisha balbu mbili za halojeni kwa pamoja, na angalia umeme unaofika kwenye taa. Waya mchovu unaiba mwanga mwingi kuliko mnavyodhani.

#13 | Altezza ya Soweto
Nimekaa kimya naona mnatupiga tu. Ngoja niongee na mimi, kwa moyo.

Nina Toyota Altezza. Niliitafuta miaka minne nikiwa nauza vocha na baadaye simu za mtumba Mwanjelwa. Haina rangi ya kiwandani, bampa la mbele ni fibaglasi lililotengenezwa na rafiki yangu nyuma ya nyumba ya mama yake, na lilitupa tabu mara tatu kabla halijakaa sawa. Rimu nilinunua mbili mbili, za mbele mwezi wa tatu, za nyuma mwezi wa tisa. Miezi sita nilitembea na rimu za aina mbili na watu walinicheka.

Ila sikilizeni. Kwa ajili ya gari hili nilijifunza kuchomelea. Nilijifunza kusoma mchoro wa waya. Tunakutana Jumapili vijana kama kumi, tunafunguana magari, asiye na jeki anaazimwa. Kuna aliyekuwa anashinda kijiweni, leo ana gereji yake ya rangi. Baba yangu hajawahi kumiliki hata baiskeli. Mimi nikipita na gari lile, watoto wa mtaani wanaita jina langu. Mnaita mbwembwe. Kwangu ni kitu cha kwanza maishani nilichokitengeneza mpaka kikafanana na nilichokiona kichwani.

Na la hela: gari jipya hatuliwezi. La miaka mingi likiingia nchini linatozwa ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine. Basi mtu anabaki na lile lile alilonalo, analipa sura mpya. Ndiyo jibu langu kwa #1.

Breki zangu nilibadilisha mwezi uliopita. Pedi na mafuta.

#14 | Mtoto wa Nzovwe
Altezza ya Soweto, nakushukuru kwa hii. Niliuliza swali nikitaka kusikia mtu kama wewe.

#15 | Mark Two Sugu
Altezza ni chuma, injini 3S-GE, farasi 210, sio ya kuchezewa na fibaglasi.

#16 | Altezza ya Soweto
Sio zote mkuu. RS200 ndiyo ina 3S-GE, na hiyo 210 ni ya gia za mkono, ya otomatiki ni 200. Yangu ni AS200, ina 1G-FE, silinda sita, farasi 160. Zilitengenezwa 1998 mpaka 2005, nje ya Japani ziliuzwa kwa jina la Lexus IS. Nakushauri ufungue boneti yako pia, maana hapa mjini nimeona Mark II Grande za kawaida nyingi zenye beji ya Tourer V, ile ya farasi 280.

#17 | Mark Two Sugu
Beji nilinunua nayo, nimeikuta.

#18 | Kabwe Stendi
Hahaha uzi umenoga. Mark Two Sugu ana farasi 280 nyuma na 160 mbele.

#19 | Nyalukolo wa Kihesa
Mimi naona chimbuko ni Japani yenyewe. Wale wana utamaduni wa kulaza magari tangu zamani, wanauita shakotan, na sisi tunapokea magari yao na picha zao kwa pamoja. Tofauti ni kwamba kwao gari la kawaida linapelekwa ukaguzi kila baada ya miaka miwili, na likiwa chini ya sentimita 9 kutoka ardhini halipiti. Anayelaza anajua kuna siku atapimwa kwa rula. Sisi tumechukua kulala, hatukuchukua rula.

#20 | Tunduma Boda
Kwa sisi wa mpakani chimbuko liko kusini. Vijana wa huku wanaangalia video za spini za Afrika Kusini, BMW inazungushwa mahali pamoja mpaka tairi linapasuka, dereva anatoka mlangoni gari likiwa linazunguka. Zile BMW wanaziita gusheshe. Ndiyo maana kila mwenye BMW huku anataka kuizungusha.

#21 | Waya Mwekundu
Gusheshe sio kila BMW mkuu, ni ile E30, ya pembe nne ya miaka ya 80. Na spini ilianzia kwenye vitongoji kama Soweto ya Johannesburg, wakati wa mazishi ya majambazi, kabla haijageuka mchezo wenye viwanja. Viwanja, nasisitiza. Sio Soweto ya kwetu mbele ya maduka.

#22 | Dada wa Forest
Samahani nawaingilia. Mmeongea springi, taa, beji. Mimi nataka kuongelea ekzosti.

Nina mtoto wa miezi mitano. Saa saba usiku kuna gari linapita hapa Forest, nyuma linapasua kama bunduki. Mtoto anaruka kutoka usingizini, anatetemeka mwili mzima kabla hajaanza kulia. Namlaza upya mpaka saa tisa, saa kumi na moja naamka niende kazini. Hii ni mara mbili mpaka tatu kwa wiki. Bibi yangu wa jirani ana shinikizo la damu, naye ananiambia moyo unamwenda mbio.

Kaka wa Altezza, maneno yako yamenigusa na naamini unalipenda gari lako. Ila huyo anayepita usiku naye pengine analipenda lake hivyo hivyo. Mwambieni basi, nyie mnakutana Jumapili.

#23 | Altezza ya Soweto
Dada pole sana. Namfahamu kwa mlio. Nitaongea naye.

#24 | Inyala Mjini
Huo mlio dada unatokana na kutoa masega (kile kisafisha moshi cha ndani ya ekzosti) na sailensa. Wanatoa kwa sababu ya hewa ya Mbeya. Huku tuko mita 2,000 juu, gari linakuwa zito, ukitoa masega linapumua.

#25 | Mwalimu wa Fizikia
Mbeya mjini ni kama mita 1,700, sio 2,000. Ukweli uliopo ni kwamba hewa huku ni nyepesi, mgandamizo wake ni kama asilimia 82 ya ule wa Dar, kwa hiyo injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 18 ya nguvu zake. IST ya 1,500 yenye farasi 109 ikifika hapa inabaki na takriban 90. Hizo hazirudishwi na kutoa masega. Hewa iliyopungua iko nje ya gari, sio kwenye bomba.

#26 | Inyala Mjini
Mwalimu mimi nimetoa na nimeona tofauti. Kupanda Inyala zamani nilikuwa gia namba mbili, sasa namba tatu.

#27 | Fundi Grenda
Inawezekana masega yako yalikuwa yameziba, hapo kweli ungeona tofauti, na hata mapya yangekupa hiyo hiyo. Mazima hayabani gari kiasi hicho. Nikuulize, masega uliyotoa yako wapi? Maana ndani yana platini, paladi na rodi, yananunuliwa kwa bei nzuri. Kuna mafundi wanakushauri utoe gari "lipumue", kisha wanayauza wao. Wateja watatu wamenijia hivyo, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi na hawajui kwa nini.

#28 | Inyala Mjini
Alibaki nayo fundi.

#29 | Kabwe Stendi
Duh.

#30 | Mtu wa Rungwe
Basi hapa tumepata jibu jingine la #1. Fundi anakushauri kile kinachomlipa. Pedi anafunga nusu saa anapata hela ya soda. Kukata springi, kutoboa ekzosti, kupaka rimu, ndiko kuliko na hela.

#31 | Fundi Grenda
Sio wote. Ila sikatai.

#32 | Mzee wa Tanzam
Wanangu, nina moja bado. #1 alisema mafuta ya breki meusi, mkapita haraka. Msipite.

Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani, hata chupa ikiwa imefungwa kwenye gari. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya inachemka nyuzi 205. Ikishavuta maji kidogo inashuka hadi 140. Sasa shuka Kitonga mguu ukiwa juu ya breki muda wote. Diski inakuwa nyekundu, mafuta yanachemka, yanageuka mvuke. Mvuke unabanika. Unakanyaga pedali inakwenda mpaka sakafuni na gari linaendelea. Na hapo pedi zako zinaweza kuwa mpya kabisa.

Ukifika juu ya mteremko punguza gia KABLA hujaanza kushuka. IST otomatiki ina 2 na L pale kwenye gia, wengi hawajawahi kuzigusa tangu wanunue. Tuliokuwa na malori tulifundishwa hivi: teremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia.

Na rimu kubwa nzito zinaongeza kazi ya breki. Kitu kizito kinachozunguka ni kigumu kukisimamisha.

#33 | Mwalimu wa Fizikia
Mzee hapo hakuna cha kuongeza. Labda hili: tairi likiwa na kipenyo kikubwa kuliko la kiwandani, spidomita inadanganya. Likizidi kwa asilimia 5, unasoma 80 kumbe uko 84. Kwenye kikomo cha 50 cha mjini hiyo inakula hela ya faini.

#34 | Namba E Mpya
Faini, ndiyo kweli. Na mkumbuke mkibadilisha rangi au injini lazima kadi ya gari isome hivyo. Jamaa yangu alipaka gari lake rangi nyingine, likagongwa, kwenye madai ya bima kadi inasema fedha na gari jeusi. Alihangaika miezi.

#35 | Nyalukolo wa Kihesa
Mimi bado nasema ni kuiga. Altezza anasema ni heshima. Mtu wa Rungwe anasema ni mafundi. Kabwe anasema ni macho ya watu. Sijui kwa nini mnataka jibu liwe moja.

#36 | Dada wa Forest
Mimi nadhani ni umri pia. Mume wangu alikuwa na Chaser iliyolala. Alipopata mtoto aliiinua mwenyewe, hakuna aliyemwambia.

#37 | Altezza ya Soweto
Dada, wapo wenye watoto watatu na gari limelala. Sio umri.

#38 | Mtoto wa Nzovwe
Narudi na mrejesho. Pedi na diski za mbele mpya, mafuta DOT 4 mapya, shokapu mbili za mtumba ila nzima. Springi nimepata za mtumba zisizokatwa, Fundi Grenda amenifungia, asante ndugu. Taa nimerudisha halojeni, Waya Mwekundu amenisaidia kupima mwanga wake ukutani. Ekzosti nitarudisha sailensa mwisho wa mwezi.

Gari limeinuka, nakiri halina ile sura tena, na nimeumia kidogo nilipoliona asubuhi. Rimu za 17 nimebaki nazo. Nimezipima uzito kila moja na matairi yake, ni nzito kweli kama alivyosema mzee, lakini siwezi kuziuza. Kuna njia ya kubaki nazo salama?

#39 | Fundi Grenda
Tafuta 15 za alumini nyepesi, hizo za 17 ziwe za harusi na sikukuu. Alaimenti lazima baada ya kubadilisha springi, usiisahau, la sivyo tairi zitaliwa ndani tu.

#40 | Mwalimu wa Fizikia
Sikubali. Uzito hauondoki kwa sababu ni siku ya harusi, na harusi nyingi msafara unashuka kutoka Uyole. Kama breki ni nzima na upana wa tairi hausugui mwili wa gari, 17 zinatembea. Kama sivyo, hata siku moja hazifai.

#41 | Altezza ya Soweto
Njoo nazo Jumapili tuziangalie, tutapima kama zinasugua ukikata usukani mpaka mwisho watu wanne wakiwa ndani. Mzee wa Tanzam, nawe karibu sana, kuna vijana kama sita wana hizo taa na mimi nikiwaambia hawasikii. Yule wa Forest usiku naye atakuwepo, nimeshaongea naye.

#42 | Mzee wa Tanzam
Jumapili nina ibada mpaka saa tano. Nikitoka nitakuja. Mnakutana upande gani?